Kabla au baada ya nomino? Mahali pa kuweka sifa unapoandika Kiingereza cha kazi

Oda moja imeandikwa "50 rice sacks". Nyingine imeandikwa "50 sacks of rice". Wa kwanza ataletewa magunia matupu, tena yanafungika nyuma ya bodaboda. Wa pili atafute Fuso. Sisi huku tungesema "magunia 50 ya mchele" kwa yote mawili, kisha tukaelewana kwa kumtazama anayeagiza. Kama ni mkulima wa Mbarali anayekaribia kuvuna, anataka magunia ya kutilia. Kama ni mwenye duka Mwanjelwa, anataka mchele wenyewe. Kiingereza hakingoji kumjua anayeagiza. Kinaangalia neno "rice" limesimama upande gani wa "sacks", na maana imeshapatikana.

Nachapa na kuhariri katika steshenari hapa Mbeya, na Kiingereza kinachopita mezani ni cha shughuli: ankara, lebo za asali, menyu, mihtasari ya vikao vya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), vipeperushi vya waongoza watalii, barua za kuomba kazi. Tahajia ikikosewa kompyuta inapiga mstari mwekundu. Hili la mahali pa sifa mara nyingi hailioni, kwa kuwa pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kisarufi huku maana zikiwa mbili tofauti. Vitabu vya shule hulipanga somo hili kwa aina za vivumishi. Mimi nalipanga kwa aina ya karatasi unayoandika, maana ndivyo wateja wanavyokuja.

Sababu ya tofauti hii ni ngeli. Tukisema "kikapu cha maparachichi kikubwa", kiambishi ki- kinatuambia kilicho kikubwa ni kikapu. Tukisema "kikapu cha maparachichi makubwa", ma- inaelekeza kwenye maparachichi. Sifa inaweza kukaa mbali na mwenyewe na bado ikajulikana ni ya nani. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, nacho kilikuwa na miisho ya vivumishi iliyofuata nomino. Miisho hiyo ikafutika. Leo yamebaki machache kama "this" na "these", "that" na "those". Neno "large" halibadiliki hata kidogo, liwe la kikapu kimoja au la maparachichi elfu, kwa hiyo kazi yote ya kuonyesha mwenye sifa imeachiwa nafasi. "A large basket of avocados" ni kikapu kikubwa. "A basket of large avocados" ni maparachichi makubwa. Unapochagua mahali, umechagua maana.

Oda, ankara na vitabu vya stoo

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nomino mbili za Kiingereza zikifuatana, ya kwanza inataja aina au matumizi ya ya pili. Chombo kikitangulia na kufuatiwa na "of", kinachofuata ndicho kilichomo ndani. Tazama zikiwa bega kwa bega:

"a honey jar": chupa ya kuwekea asali, huenda ni tupu
"a jar of honey": asali, kiasi cha chupa moja

"milk cans": makopo ya kubebea maziwa
"cans of milk": maziwa yaliyomo kwenye makopo

"avocado crates": kreti zilizotengenezwa kwa ajili ya maparachichi
"crates of avocados": maparachichi yamo, tayari kwa lori

Mfugaji wa nyuki anayeuza kwa mteja wa nje akiandika kwenye ankara "200 honey jars", mteja ana haki ya kuuliza asali iko wapi. Na kinyume chake kipo: muuza vifungashio akiandika "200 jars of honey" amejipa bidhaa ambayo hana. Kwa karatasi yoyote yenye bei, ushauri wangu ni huu: kilichomo kiandikwe baada, kwa "of", na chombo kisicho na kitu kiandikwe kwa nomino kutangulia, tena ukiongeza "empty" ili pasibaki ubishi. "200 empty honey jars" haina tafsiri ya pili.

Vipimo navyo vina pande mbili. Kipimo kikitangulia nomino, kinaandikwa kwa umoja na kufungwa kwa kistari: "a 50-kilo sack", "a 20-litre bucket". Kikija baada, kinarudi kwenye wingi wake: "a sack of 50 kilos", "a bucket that holds 20 litres". "A 50-kilos sack" ni Kiingereza cha kusikia kwa mbali. Umoja huo unawasumbua watu kwa sababu hamsini ni nyingi. Ila katika nafasi ile kipimo kimegeuka kuwa kivumishi, na vivumishi vya Kiingereza havina wingi.

Kistari kile wengi hukiona pambo. Soma basi:

"20 litre buckets"
"20-litre buckets"

Ya kwanza inaweza kusomwa kuwa ni ndoo ishirini, kila moja ya lita moja. Ya pili ni ndoo za lita ishirini, na idadi haijatajwa. Ukiwa na namba mbili kwenye mstari mmoja, idadi na ujazo, mimi nachagua kupeleka moja baada ya nomino bila kufikiri mara mbili: "five buckets, 20 litres each". Mzungumzaji hodari angeandika "five 20-litre buckets" na kuwa sahihi kabisa, lakini ankara inasomwa na mtu aliyechoka, saa kumi na moja jioni, gari likinguruma nje.

Menyu

Hili ni fupi. Menyu inataka maneno kabla ya nomino, karibu zote. "Soup of goat", "juice of mango", "meat of pig": hizi zinatokana na "ya" yetu kugeuzwa "of" moja kwa moja, na mgeni ataelewa ila atatabasamu. Kiungo kikuu kinatangulia: "goat soup", "mango juice". Namna ya kupika nayo inatangulia: "fried chicken", "grilled fish". "Of" ibaki kwa kipimo na kwa kiungo cha mwili wa mnyama: "a cup of tea", "a plate of rice", "leg of goat".

Kinachokuja baada ni kitu kinachoandamana na chakula, kwa "with", au kilichopikiwa ndani yake, kwa "in". Ndizi za Tukuyu na nyama ziandikwe "bananas with beef". "Beef bananas" sijui mgeni angewaza nini. Maharage ya nazi ni "beans in coconut milk". Na samaki wa Kyela mimi ningemwandika "fish from Lake Nyasa" badala ya "Lake Nyasa fish". Zote ni sahihi, ila ile ya kwanza inamsimamisha msomaji kwenye ziwa kwa sekunde moja, na mwenye mgahawa anaihitaji hiyo sekunde.

Lebo na bango la bidhaa

Hapa uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu nomino inayotangulia ina ujanja wake: haisemi uhusiano. "A tea farmer" analima chai. "A tea cup" ni ya kunywea chai. "Tea leaves" ni sehemu ya mmea. "A tea break" ni muda wa kuinywa. Neno "tea" halikubadilika popote, na uhusiano wote ameujaza msomaji kwa akili yake. Kwa hiyo "Kyela rice" inaweza kuwa mchele uliolimwa Kyela, na inaweza kuwa mchele wa aina ile inayojulikana kwa jina la Kyela, popote ulipolimwa. Anayetembea sokoni anajua kwamba maana ya pili ina watumiaji wengi. "Rice grown in Kyela" haina mlango huo. Ni madai, na madai yanaweza kudaiwa ushahidi.

Basi chagua kwa kujua unachotaka kuahidi. Jina kubwa la kwenye mfuko liwe fupi, nomino itangulie: "Kyela Rice", "Mbozi Coffee", "Iringa Baskets". Mstari mdogo wa chini ubebe ahadi, na ahadi inakaa baada: "woven by hand in Iringa from milulu grass". Nimeona lebo zinazojaribu kusema yote kabla ya nomino, "Iringa hand woven milulu grass baskets", na macho yanachoka kabla ya kufika kwenye kikapu.

Ukilazimika kupanga sifa nyingi kabla ya nomino, utaratibu wa Kiingereza una mkondo wake: idadi, maoni ya msemaji, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea, kisha nomino. "Two beautiful large round Iringa baskets" inatiririka. "Two Iringa round large beautiful baskets" inakwaruza sikio la mzawa hata kama hawezi kueleza kwa nini. Njia ya kukumbuka bila kukariri orodha: sifa ambayo watu wanaweza kuibishia, kama uzuri, inakaa mbali na nomino, ile ambayo haibishiwi, kama asili au mti uliochongewa, inaikaribia. Boma la Iringa, lile la enzi za Wajerumani, ni "a fine old German building". Uzuri unabishiwa, umri kidogo, Ujerumani wake haubishiwi. Tatu zinatosha. Ya nne ipeleke baada.

Kahawa ina jozi yake nzuri. "Washed coffee" ni aina: kahawa iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa, na mnunuzi anaijua kwa jina hilo. "Coffee washed at our station in Mbozi" ni tukio lenye mahali. Hali kadhalika "dried fish" na "fish dried on the beach this week". Neno la kitendo likisimama kabla linataja kundi. Likisimama baada linataja kilichotokea. Mnunuzi mkubwa anatafuta kwa jina la kundi, kwa hiyo lazima liwepo. Mnunuzi mdogo anayependa kujua kahawa yake ilipita mikononi mwa nani anasoma lile la pili. Weka yote mawili, usiyachanganye kwenye mstari mmoja.

Muhtasari wa kikao na barua za ofisi

Kuna maneno machache ambayo yakihama upande yanageuka kuwa maneno mengine kabisa. Ni machache, lakini yote yanapenda ofisi.

"The present members" ni wanachama wa sasa, tofauti na wa zamani. "The members present" ni waliohudhuria siku ile. Katibu wa AMCOS akiandika "the present members agreed to sell", amesema wanachama wote walioko kwenye daftari wamekubali, hata yule aliyekuwa shambani Mbozi na hakuitwa. Akiandika "the members present agreed to sell", amesema waliokuwa kikaoni. Mbele ya wakili, tofauti hiyo inalipiwa.

"The concerned parents" ni wazazi wenye wasiwasi. "The parents concerned" ni wazazi wanaohusika na jambo. Ofisi zetu zinapenda mno ile ya kwanza kwa maana ya pili: "the concerned officer should respond". Humu nchini itaeleweka, kwa sababu sote tumeizoea. Barua ikienda Uingereza kwa mfadhili, atasoma kwamba ofisa ana wasiwasi na atajiuliza wa nini. Andika "the officer concerned".

"A responsible person" ni mtu mwadilifu, wa kutegemewa. "The person responsible" ni mwenye dhamana ya jambo, au aliyelisababisha, na si lazima awe mwadilifu. Katika taarifa ya upotevu wa fedha anaweza kuwa kinyume chake.

"An involved explanation" ni maelezo yaliyojaa mizunguko. "The people involved" ni waliohusika.

"Proper" nayo imo. "A proper town" ni mji kamili, wenye sifa zote za mji. "Mbeya proper" ni Mbeya yenyewe, ndani ya mipaka yake, bila kuhesabu Mbalizi. Ukiandika anwani ya mradi, hii ya pili ndiyo unayoihitaji.

Hatari nyingine ya barua za ofisi ni sifa moja kutangulia nomino zilizopangana. "A small tea factory manager": nani mdogo hapa? Meneja, au kiwanda? Kwa Kiswahili lisingetokea, maana tungesema "meneja wa kiwanda kidogo cha chai" na ki- ingemaliza. Kiingereza kinamwacha msomaji wa barua kutoka Mufindi akimpima meneja kimo. Dawa ni kuvunja msururu na kuhamisha nomino baada: "the manager of a small tea factory". Hivyo hivyo "old tractor driver" iandikwe "the driver of an old tractor" au, kama mzee ni dereva, "an elderly tractor driver". Kila unapoona sifa moja na nomino mbili nyuma yake, simama uulize sifa ile inamvaa nani. Ukiona jibu halionekani kwenye karatasi, "of" ni rafiki. Hapa, kinyume na menyu, usiiogope.

Kipeperushi cha mtalii

Mwongoza watalii ana mengi ya kusema kuhusu kila mahali, kwa hiyo kanuni anayoihitaji zaidi ni ya mkia. Sifa ya neno moja hutangulia: "a famous plateau". Sifa hiyo ikiota mkia, yaani ikifuatwa na maneno yanayoikamilisha, yote kwa pamoja yanahamia baada: "a plateau famous for its wild flowers". Hiyo ni Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Ziwa Ngozi ni "a crater lake surrounded by forest". Mtu hawezi kuandika "a surrounded by forest lake". Mkia hauingii kati ya sifa na nomino.

Kuna sifa chache zinazokubali kugawanyika, kichwa kabla na mkia baada: "an easy mountain to climb", "a difficult road to drive in the rains". Na kuna njia ya tatu, kuufunga mkia wote kwa vistari na kuuweka kabla: "a hard-to-reach waterfall". Magazeti ya Kiingereza yanaipenda. Katika kipeperushi kimoja nairuhusu mara moja. Zaidi ya hapo maandishi yanaanza kuonekana yana miiba.

Kwenye ankara nilipendekeza kipimo kiende baada, na kwa vipimo vya mahali ninasisitiza zaidi, kwa sababu vipimo vingi vya utalii ni vya kukadiria. Kimondo cha Mbozi ni "an iron meteorite about three metres long". Jaribu kuweka kabla: "three-metre-long" inawezekana, lakini "about" inakosa pa kukaa. Mlima Rungwe ni "a mountain almost 3,000 metres high", na msomaji hapati shida. Kipimo kilicho kamili na kinachojulikana kinaweza kutangulia kwa fahari: "the 1,860-kilometre railway", reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inayopita hapa Mbeya.

Umiliki nao unachagua upande. Mtu hupewa kiambishi cha 's na kutangulia, kitu hupewa "of" na kuja baada: "the farmer's house", "the roof of the house". Mungu anakubali zote mbili, "God's Garden" na "the Garden of God". Masikioni mwangu ya kwanza ni ya nyumbani na ya pili ni ya ibada, kwa hiyo kwa kipeperushi naona ya pili inaitendea Kitulo haki. Urefu wa mmiliki ukizidi, "of" inashinda hata kwa mtu. "Chief Mkwawa's skull" ni nyepesi na sahihi: fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, nje ya mji wa Iringa. Lakini ukitaka kumweleza Mkwawa kwa msomaji asiyemjua, andika "the skull of the chief who fought the Germans". Ukianza na mmiliki utapata "the chief who fought the Germans's skull", na hapo fuvu linaonekana ni la Wajerumani.

Sifa zinazoishia na -ible au -able zina kamchezo kanakofaa kwa safari. "The visible peaks" inaelekea kwenye vilele vinavyoonekana kwa kawaida kutoka hapo ulipo. "The peaks visible today" ni vinavyoonekana leo, ukungu ukiwa umetoka. Kabla ni hali ya kudumu, baada ni ya wakati huo. Kwa nyanda za juu, ambako asubuhi ya Julai unaweza usione hata mti wa jirani, nafasi ya baada inamwokoa mwongozaji na malalamiko. Vilevile "rooms available in June" inaahidi Juni peke yake.

Majina rasmi ya mahali hayakuachii uchaguzi. "Lake" na "Mount" hutangulia: Lake Nyasa, Lake Ngozi, Mount Rungwe. Hifadhi, safu za milima na maporomoko huja baada: Kitulo National Park, Ruaha National Park, Poroto Mountains, Livingstone Mountains, Kaporogwe Falls. Mto unakwenda pande zote, Waingereza wakisema "the River Thames" na Wamarekani "the Mississippi River". Kwa mito yetu "the Kiwira River" ndiyo iliyozoeleka, ishike hiyo kipeperushi kizima.

Pasipo na uchaguzi

Maneno kama "something", "nothing", "somewhere" yanataka sifa baada: "something cold to drink", "somewhere quiet to stay". Sifa za kundi la "asleep", "awake", "alone", "afraid" hazitangulii nomino; mtoto aliyelala ni "a sleeping child", au "a child asleep in the back seat".

Vyeo vya serikali vinavyoishia na "General" vinatoka kwenye Kifaransa, ambacho kwa kawaida huweka sifa baada ya nomino kama sisi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama na watawala walitumia Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na vyeo vikabaki na umbo lake: "Attorney General", "Auditor General", "Registrar General", pamoja na "notary public" na "court martial". "General" hapo ni sifa, cheo chenyewe ni neno la kwanza. Kwa hiyo wingi unakaa kwenye neno la kwanza, "attorneys general", "notaries public". Ukiandikia wakili barua, hilo la mwisho litamfurahisha.

Barua ya kuomba kazi

Waombaji wengi wanajaza nafasi ya kabla mpaka inafurika: "I am a hard-working, honest, experienced, committed driver". Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni kwamba sifa zote hizo ni za maoni, na mwajiri amezisoma kwa kila aliyetangulia. Nafasi ya baada ndiyo inayobeba vitu vinavyoweza kuhakikiwa, kama mafunzo ya ufundi ya VETA: "a driver trained at VETA, with five years of experience on the Mbeya–Tunduma road". Kwa kichwa cha sivii, kabla inatosha, "VETA-trained driver", fupi na inasomeka kwa jicho moja. Ndani ya barua, peleka baada. Na hiyo "experience" ukiitaka na muda, ama "five years of experience" ama "five years' experience" yenye alama ya juu baada ya s. "A five years experience", ambayo inarudi mezani kwangu kila wiki, haina pa kukaa upande wowote.